Kura ya Wadi Ndiyo Mlango wa Jiji

Hotuba kwa wakazi wa Nairobi ya kati na ya magharibi kuhusu uchaguzi wa wawakilishi wadi



Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, kama Katiba inavyoagiza, Wakenya watapiga kura. Kila mpiga kura wa Nairobi atakabidhiwa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi. Magazeti, redio na majukwaa yatajaa habari za karatasi ya rais. Sisi tumekuja kuizungumzia ile ya sita, ambayo wengi huitia alama wakiwa wamechoka, wakimfuata mtu ambaye hawamjui ila kwa rangi ya chama chake.

Hoja yetu ni moja. Katika muda usiofika miaka arobaini, jiji hili lilinyang'anywa mamlaka ya kujiendeshea mambo yake mara mbili. Mara zote mbili wakazi waliambiwa maneno yale yale, kwamba waliochaguliwa kuingia City Hall wameshindwa na kazi, na kwamba afadhali jiji likabidhiwe watu wa kuteuliwa. Ndiyo maana tunasema kwamba mwakilishi asiyefaa ana hasara mbili. Hasara ya kwanza ni taka zisizozolewa na taa zisizowaka. Ya pili ni kubwa zaidi: anampa mwenye nguvu sababu ya kuufunga mlango ambao wananchi huingilia.

MIAKA KARIBU KUMI BILA DIWANI

Tuanze na historia, kwa kuwa vijana wengi waliomo humu hawakuwa wamezaliwa. Nairobi ilipata hati ya kuwa jiji mwaka 1950, kutoka kwa Mfalme wa Uingereza. Pamoja na hati hiyo tulirithi mfumo wa miji ya Kiingereza: meya mwenye joho na mkufu, karani wa mji, kamati na madiwani. Ulikuwa mfumo wa baraza la wakazi, lakini kwa miaka mingi mkazi Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mkazi. Alilijenga jiji, akalifagia, akalipikia, na hakuwa na kura. Ilipofika mwaka 1962 ndipo Charles Rubia alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika, na wengi wakaamini kwamba jumba la City Hall limepata wenyewe.

Machi 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji ikitaja usimamizi mbaya na ubadhirifu. Nafasi ya madiwani ilichukuliwa na Tume ya Jiji la Nairobi, ambayo wajumbe wake waliteuliwa na serikali. Wananchi waliambiwa kuwa hiyo ni hatua ya muda. Muda huo uliongezwa, ukaongezwa tena, mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 uliporejesha madiwani. Mtoto aliyezaliwa siku baraza lilipovunjwa alikuwa darasani akijua kusoma na kuandika kabla wazazi wake hawajapata tena diwani wa kumlalamikia.

Na tusidhani kwamba wateule walileta usafi uliokuwa umeahidiwa. Ada na kodi ziliendelea kukusanywa, ila palikosekana mtu wa kuuliza zimekwenda wapi ambaye kazi yake ilitegemea kura ya aliyezilipa. Mwaka 1990 ulionyesha wazi maana ya jiji lisilo na wawakilishi. Mwezi Mei askari wa Tume walivunja vibanda vya Muoroto, karibu na katikati ya mji. Novemba mwaka huo huo walivunja makazi ya Kibagare, huku kwetu magharibi, jirani na Kangemi na Loresho, na maelfu ya watu wakaachwa bila paa. Ndugu wananchi, jiulizeni: watu wale wangemwendea nani? Diwani hakuwapo. Wajumbe wa Tume hawakuwa wamepewa kazi yao na wakazi wa Kibagare, kwa hiyo wakazi wa Kibagare hawakuwa na uwezo wa kuwaachisha.

Si jambo la kushangaza kwamba mmoja wa waliojitokeza Mei 1990 kudai vyama vingi alikuwa yule yule Charles Rubia, aliyewahi kuvaa joho la meya wa jiji hili. Alikuwa ameupinga mtindo wa kupiga kura kwa mlolongo; mwaka 1988 mlolongo huo ukamwondoa Bungeni. Yeye na Kenneth Matiba walitiwa kizuizini siku chache kabla ya tarehe 7 Julai 1990, siku tunayoiita Saba Saba. Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa Desemba 1991. Tunayakumbusha haya kwa sababu wengi husimulia vita vya vyama vingi kana kwamba vilipiganwa kwa ajili ya Ikulu peke yake. Kwa mkazi wa Nairobi vilikuwa pia vita vya kumrudisha diwani.

MARA YA PILI

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijaribu kuziba ufa huo. Iligeuza jiji kuwa kaunti, ikalipa bunge lake, na ikataja katika Jedwali la Nne kazi ambazo ni za kaunti: afya ya mashinani, uzoaji wa taka, barabara za kaunti na taa zake, masoko, leseni za biashara, maji na majitaka, mipango ya ujenzi, chekechea, wazima moto, hata makaburi. Wawakilishi wadi wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Tulidhani kwamba hadithi ya mwaka 1983 imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu ya Nairobi, gavana wa wakati huo, Mike Mbuvi Sonko, ambaye alikuwa akikabiliwa na mashtaka mahakamani, alitia saini mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi nne kubwa za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, pamoja na mipango ya jiji. Kilianzishwa chombo kilichojulikana kama NMS, na msimamizi wake akawa afisa wa jeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 2022.

Tuwe waungwana katika kusema. Wapo wakazi wanaokumbuka kwamba katika kipindi kile barabara zilitiwa lami, visima vikachimbwa na zahanati zikajengwa. Hatuna haja ya kuyakana yaliyoonekana kwa macho. Swali letu ni lile la mwaka 1983: zahanati ikikosa dawa, mama wa Kawangware ampigie nani kura ya kumwondoa? Afisa anayeteuliwa huweza kufanya kazi njema, na akiharibu huondolewa na aliyemteua, kwa wakati unaomfaa aliyemteua. Jambo la kusikitisha kuliko yote ni jinsi wakazi walivyoupokea mkataba ule. Wengi waliona afadhali. Heshima ya waliochaguliwa City Hall ilikuwa imeporomoka hivi kwamba mamlaka ya watu zaidi ya milioni nne yalihama kwa saini za alasiri moja, na mitaani maisha yakaendelea.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ililifuta baraza kuu la jiji la London, na kwa miaka kumi na minne London haikuwa na chombo kimoja cha jiji zima kilichochaguliwa na wakazi, hadi mwaka 2000. Hata hivyo kulikuwa na tofauti moja yenye mafunzo kwetu. Mitaa mikuu ya London, yenye mabaraza yake madogo 32, ilibaki na madiwani wake. Mkazi alipopoteza mlango mkubwa, mlango mdogo ulikuwa bado wazi. Aliweza kumwendea diwani wa mtaa wake juu ya shule, nyumba na takataka. Nairobi mwaka 1983 ilifungiwa milango yote kwa siku moja. Ndipo tunaposema kwamba uhuru wa jiji huanza chini, penye wadi, na hapo ndipo unapotakiwa kulindwa.

MWENYE KIBANDA MJINI, MWENYE KURA KANGEMI

Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85. Sisi tuliokutana hapa tunatoka Westlands, yaani Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Tunatoka Dagoretti Kaskazini, yaani Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro. Na wapo wenzetu wa wadi ya Nairobi ya Kati, iliyo katika eneo bunge la Starehe.

Tazameni jambo moja ambalo husahaulika. Yule mama anayeuza mboga karibu na barabara ya Tom Mboya, yule kijana wa matatu anayelipa ada ya kituo, yule fundi mwenye chumba cha kushonea katika jengo la mjini, hawalali mjini. Jua likitua wanarudi Kangemi, Kawangware, Gatina. Kura yao iko huko. Lakini sheria inayowafukuza au kuwaruhusu mjini hupitishwa City Hall, na wawakilishi wadi wote huipigia kura. Kila mwaka Bunge la Kaunti hupitisha sheria ya fedha inayoweka ada za leseni, za masoko na za kuegesha magari. Kwa hiyo mchuuzi anayenyang'anywa bidhaa zake katikati ya mji asimtafute mwakilishi wa wadi ya mjini tu. Amuulize mwakilishi wake wa Kangemi: ulipiga kura gani siku ada hii ilipopandishwa?

Na ndugu zetu wa Kileleshwa, Kilimani na Parklands wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa vibanda. Majumba ya ghorofa nyingi yameota mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani, huku mitaro ya majitaka ikibaki ile ile. Idhini za ujenzi na mipango ya ardhi ni kazi ya kaunti. Wenye uwezo wamezoea kujinunulia walichokosa: lori la maji, mzoa taka wa kulipwa, mlinzi wa getini. Asiye na uwezo hununua maji kwa mtungi. Wote wawili wanalipa mara mbili, mara ya kwanza kwa kodi na ada, mara ya pili kwa kile ambacho kodi na ada hazikuleta. Waiyaki Way inapita kati yao, lakini bajeti inayowahusu husomwa katika ukumbi mmoja.

KAZI YAKE NI IPI?

Sasa tuseme wazi kazi ya mwakilishi wadi. Kazi yake ni tatu: kuwawakilisha wakazi, kutunga sheria za kaunti, na kuisimamia serikali ya gavana. Yeye na wenzake ndio wanaoidhinisha mawaziri wa kaunti kabla hawajashika kazi. Wao ndio wanaopokea makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili na kuyapitisha kufikia tarehe 30 Juni. Wao ndio wanaoweza kuanzisha hoja ya kumwondoa gavana, kama walivyofanya Desemba 2020, Seneti ikathibitisha. Mgao wa Nairobi kutoka hazina ya taifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulizidi shilingi bilioni 19, mbali na ada na kodi zinazokusanywa hapa jijini. Fedha hizo ndizo anazokabidhiwa kuzilinda.

Lakini yeye hupimwaje mtaani? Hupimwa kwa mchango wa mazishi, kwa karo ya mtoto wa jirani, kwa jezi za timu na hema la harusi. Tunaelewa sababu. Mwenye shida hachagui mlango wa kubisha, na utu wetu unatutaka tusaidiane. Hata hivyo tuutazame ukweli. Mwakilishi anayetakiwa kutoa fedha kila Jumamosi, na mshahara wake una kikomo, atazitafuta mahali. Atazipata kwa yule yule mwenye zabuni anayepaswa kumkagua, au kwa afisi ile ile anayepaswa kuihoji. Atakuja kwenu na bahasha, na bahasha hiyo itakuwa imekatwa kutoka kwenye taa ya barabara yenu. Basari nayo ni fedha ya umma, si sadaka yake. Anayeigawa kwa mbwembwe na picha anatupa kilicho chetu kisha anadai tumshukuru.

Vivyo hivyo kuhusu noti ya siku ya kampeni. Anayepokea shilingi 500 kwa kura ya miaka mitano ameuza kila siku ya miaka hiyo kwa bei isiyofika senti thelathini. Hakuna kibanda mjini kinachokodishwa kwa bei hiyo.

UCHAGUZI UMEKWISHA KUANZA

Ndugu wananchi, wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Anayengoja Agosti atakuta mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kwanza ni daftari la wapiga kura. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na usajili wa kuendelea ulirejea tarehe 29 Septemba 2025. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 waliojitokeza nchini kote walikuwa kiasi cha asilimia 65 ya waliosajiliwa. Vijana waliojaa katikati ya mji Juni 2024, wakaupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa, walionyesha kwamba wanajua kusoma bajeti kifungu kwa kifungu. Tunawaomba wausome na muswada wa kaunti kwa macho yale yale, na majina yao yawemo daftarini katika wadi wanazolala, si katika wadi walizohama zamani.

Pili ni mchujo wa vyama. Katika mitaa yenye chama kimoja chenye nguvu, atakayepata tiketi amekwisha kupata kiti. Tuliuondoa utawala wa chama kimoja katika Katiba. Tusiukubali urudi kwa mlango wa mchujo unaofanyiwa hotelini, majina yakaandikwa usiku. Anayetaka chama chake kiheshimiwe aingie kwenye daftari la wanachama, ahudhurie mchujo, na adai uhesabiwe hadharani. Na pale chama kinapomtupa mtu mwema, Katiba haikumfungia njia. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Watu 500 ni waumini wa kanisa moja na msikiti mmoja. Ni wafanyabiashara wa soko moja.

Tatu ni siku yenyewe. Katiba inaagiza kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni. Karatasi ya rais ikimaliza kuhesabiwa, wengi huenda nyumbani, na karatasi ya wadi huhesabiwa mbele ya mawakala wachache waliochoka. Tukae. Tuwe na mawakala wa zamu, wenye chakula, maji na taa, hadi fomu ya mwisho itiwe saini. Na anayeona amedhulumiwa asichome soko la jirani yake. Sheria inampa siku 28 baada ya matokeo kutangazwa kufungua kesi, na kesi za wadi husikizwa na mahakama za mahakimu, zilizo karibu.

MASWALI MATANO

Tunapendekeza kwamba kila mgombea, awe wa chama chochote au huru, aitwe mbele ya wakazi na aulizwe maswali haya matano, na majibu yake yaandikwe.

1. Taja kazi tatu za kaunti ambazo wadi hii imekosa, na utaje zitalipiwa kutoka fungu gani la bajeti.

2. Je, utaleta makadirio ya bajeti kwa wakazi kabla ya Juni, katika lugha wanayoielewa, na utatuambia ulivyopiga kura?

3. Unafanya biashara gani, na je, wewe au jamaa zako wanatafuta zabuni za kaunti?

4. Ukiwa mwanachama wa chama cha gavana, utamhoji gavana? Ukiwa wa upinzani, utaunga mkono lililo jema analolileta?

5. Siku serikali yoyote itakapotaka tena kuzichukua kazi za jiji kwa saini ya watu wachache, utasimama upande gani, na je, utatuita tuulizwe kwanza?

Asiyeweza kuyajibu maswali haya mbele ya majirani zake hataweza kuyajibu mbele ya gavana.

Ndugu wananchi, hatukuja kuwaambia mchague chama gani. Waliotiwa kizuizini mwaka 1990 walidai kila mmoja awe na haki ya kuchagua, na sisi hatuwezi kuwaheshimu kwa kuwachagulia. Tunawaomba kitu kimoja tu: mtu mtakayempeleka City Hall awe mtu ambaye, akiambiwa kesho kwamba wakazi wa Nairobi hawafai kujitawala, atakuwa na rekodi ya kazi ya kuonyesha na majirani wa kusimama naye. Majumba ya Kibagare yalivunjwa na watu ambao wakazi hawakuwachagua. Mlango wa wadi uko wazi sasa. Tuujaze watu.